Honda GB350 kwenye milima ya Mwanza: pikipiki iliyochongwa na mpinzani wake

Chukua vipimo vya injini ya Royal Enfield Bullet 350, ile ya miaka ya nyuma: silinda ina upana wa milimita 70 na pistoni inasafiri milimita 90. Sasa chukua vya Honda GB350: upana milimita 70, safari ya pistoni milimita 90.5. Zimepishana nusu milimita. Honda ni watu waliojijengea jina kwa injini zenye safari fupi ya pistoni zinazopenda kuzunguka kwa kasi. Walipoingia kwenye soko la pikipiki za sura ya zamani, waliuweka kando ujuzi huo wakaufuata mkondo wa mpinzani, na ni vigumu kuamini kwamba vipimo hivyo viliangukiana kwa bahati. Uamuzi huo ndio unaoifanya GB350 istahili kuangaliwa na mtu wa Mwanza, mji ambao karibu kila mtaa una mlima wake.

Tuweke majina sawa kwanza, maana wauzaji wanachanganya. Pikipiki hii ilianza India Septemba 2020 kwa jina la H'ness CB350. Japani iliingia sokoni Aprili 2021 kwa jina la GB350, ikitengenezwa kiwanda cha Kumamoto, kwa bei ya yeni 550,000. Injini ni ileile ya cc 348, silinda moja, inapozwa kwa upepo, valvu mbili, gia tano. Toleo la India linatajwa kuwa na mvuto (torque) wa Nm 30 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, la Japani Nm 29 kwenye mizunguko hiyohiyo. Nguvu ni farasi 20 hadi 21 kwenye mizunguko 5,500. Ukiagiza kutoka Japani utapata GB, ukiagiza kutoka India utapata CB. Spea nyingi za injini zinaingiliana, ila usifanye hivyo kwa kubahatisha. Agiza kwa namba ya fremu. Za Japani za toleo la kwanza zinaanza na NC59, na zile za baada ya marekebisho ya 2023 ni NC64.

Tabia ya kumtazama mpinzani kabla ya kuchora chako si ngeni kwenye pikipiki. Meguro wa Japani walitoa K1 ya cc 497 mwaka 1960 wakiifuata kwa karibu BSA A7 ya Uingereza. Kawasaki wakaimeza Meguro, injini ikakuzwa hadi cc 624, ikawa W1 ya 1966, na ukoo huo ndio uliozaa W650 ya 1999 na W800. Honda nao walishapita njia hii. GB500 ya 1985 ilivaa sura ya pikipiki za Kiingereza za silinda moja, lakini ndani ilikuwa na injini ya valvu nne yenye tabia ya Honda kabisa. Sura ilikuwa ya zamani, tumbo la kisasa. Na kwa upande mwingine, angalia kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Buhongwa hadi Igoma: injini nyingi zilizochapwa 156FMI au 162FMJ ubavuni ni watoto wa Honda CG125 ya 1976, iliyobuniwa mahsusi kwa nchi ambako oili hucheleweshwa na fundi hana vifaa vingi. Wachina waliichukua, wakaizalisha, wakaipanua hadi cc 150. Kwa hiyo kampuni iliyoigwa kuliko zote ndiyo safari hii imekaa chini kumsoma mwenzake, na imemsoma vizuri.

Kilichosomwa ni nini hasa? Ni mvuto kwenye mizunguko ya chini. Pistoni inaposafiri mbali, konrodi inasukuma kranki kwa mkono mrefu zaidi, na gurudumu zito la kranki linaendelea kuzunguka hata mkono wa gesi ukiwa umefunguliwa kidogo tu. Dereva wa Boxer 150 ana kama Nm 12 mkononi, tena anazipata akiwa amepandisha injini hadi mizunguko 5,000 hivi. GB350 inampa zaidi ya mara mbili ya hizo kwenye mizunguko 3,000. Ukipanda Isamilo au njia za kuelekea Bugando, tofauti hiyo inaonekana kwenye mguu wa kushoto: Boxer inataka gia ya kwanza na kelele, GB350 inapanda na gia ya pili bila kulalamika.

Barabara za mawe ndizo mtihani halisi. Mwanza ina njia nyingi za vilimani zilizopangwa mawe, na asubuhi baada ya mvua mawe yale yana utelezi kama wa sabuni. Pikipiki inayohitaji gesi nyingi ili ipande itazungusha tairi la nyuma mahali pamoja, kisha itashika ghafla na kuruka. Injini ya mizunguko ya chini inasukuma kwa mapigo yaliyoachana, na tairi linapata nafasi ya kushika jiwe kati ya pigo moja na jingine. Honda wameongeza mfumo wa kuzuia tairi la nyuma kuteleza, wanaouita HSTC, na kwenye mawe yenye maji unasaidia kweli. Kwenye tope zito la udongo mwekundu uzime, kwa sababu hapo unahitaji tairi lizunguke lijisafishe. Ukiuacha, injini itakatwa nguvu katikati ya kilima na utasimama. Kushuka nako kuna lake. Klachi ya GB350 ni ya aina inayolegea kidogo unaporudisha gia haraka, hivyo tairi la nyuma halijifungi. Lakini ina maana pia kwamba breki ya injini si kali kama mtu aliyezoea Boxer anavyotarajia. Shuka na gia ya pili, gusa breki ya nyuma mapema, na ya mbele itumie kwa vidole viwili tu.

Ubaya wa gia zake ni kwamba ni ndefu. Honda walizipanga kwa barabara kuu za India na Japani. Ukiwa na abiria nyuma na mwinuko mkali wa mawe, gia ya kwanza itakulazimisha kucheza na klachi kwa sekunde kadhaa, na klachi inayochezewa kila siku huisha. Mtu anayekaa mlimani na kubeba mtu wa pili kila siku apunguze jino moja kwenye sproketi ya mbele. Mvuto unaongezeka kwa asilimia 6 au 7, na kinachopotea ni utulivu kidogo kwenye kasi ya juu, ambayo mjini huitumii. Anayekwenda zaidi Musoma au Geita aache kama ilivyo.

Kuhusu hewa: Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini yoyote isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye kabureta inakuwa na mafuta mengi kuliko hewa, na plagi inaweka masizi meusi. GB350 ni ya injekta, hivyo inajipimia yenyewe kiasi cha petroli. Nguvu inapungua, ila haikohoi na haili mafuta kwa sababu ya mwinuko.

Sasa mtetemo. Hapa ndipo Honda hawakumfuata Enfield hata hatua moja, na walifanya vyema. Enfield Classic 350 ya zamani, iliyotoka mwaka 2009 ikiwa na injini ya cc 346 yenye vipimo vilevile vya 70 kwa 90, haikuwa na shafti ya kusawazisha mtetemo. Ukipita kilomita 80 kwa saa vioo vilikuwa havionyeshi kitu na nati zilianza kulegea. Honda waliweka shafti mbili za kusawazisha, moja ikiwa imevishwa juu ya shafti kuu ya gia ili isichukue nafasi. Matokeo yake unasikia pigo kifuani, lakini mikono haifi ganzi. Mlio nao wameufanyia kazi: bomba la moshi lina chumba kimoja kikubwa cha kupanukia, na pale injini inapopumua taratibu inatoa ule mdundo wa duf-duf ambao watu wanaunulia Enfield. Mdundo wa Enfield bado una uzito zaidi. Wa Honda ni msafi, na kwa safari ndefu msafi ni bora.

Mpinzani naye hakulala. Septemba 2021 Enfield walitoa Classic 350 mpya, injini ya cc 349 yenye upana wa milimita 72 na safari ya pistoni milimita 85.8, ikiwa na shafti ya kusawazisha. Yaani Honda alipokuwa anarefusha, Enfield alikuwa anafupisha. Wakapishana njiani, kila mmoja akielekea alikotoka mwenzake. Enfield wakaachana na vijiti vya kusukuma valvu na tapeti za kujipima kwa oili, wakaweka kamu (shafti inayofungua valvu) juu kama Honda. Wakaondoa pia kiki. Anayenunua Classic mpya akidhani atakuwa na kiki ya dharura ajue haipo. Ilibaki kwenye zile za zamani. GB350 nayo haina, na jambo hilo nitalirudia kwenye betri.

Kwenye karatasi Classic mpya ina kilo 195, GB350 ya kawaida kilo 180. Hizo kilo 15 huzisikii barabarani ila utazisikia ukiwa unairudisha nyuma kwenye mtelemko wa mawe, au unaipakia kwenye kivuko cha kwenda Nansio. Tangi la Honda ni lita 15, la Enfield 13. Vipimo vya kiwandani vya GB350 vinazungukia kilomita 40 kwa lita. Kwa uendeshaji wa kawaida wenye milima na foleni, hesabu 35. Hiyo ni zaidi ya kilomita 500 kwa tangi, yaani Mwanza hadi Musoma na kurudi bila kuingia kituo cha mafuta. Breki ya mbele ya Honda ina diski ya milimita 310, ya Enfield 300. Ya nyuma Enfield ana kubwa zaidi, 270 dhidi ya 240. ABS ya Honda, yaani mfumo wa kuzuia gurudumu kujifunga unapokanyaga breki, iko magurudumu yote mawili.

Wapo wengine waliotaka kuvaa sura hiyohiyo. Jawa iliyofufuliwa India mwaka 2018 ina injini ya cc 293 yenye nguvu zaidi kwenye karatasi, lakini inapozwa kwa maji na rejeta iko mbele ikipokea tope. Mapezi ya injini yake ni pambo. Kwa mazingira yetu injini ya upepo ni bora: hakuna bomba la maji la kupasuka, hakuna rejeta ya kuziba. Mapezi ya GB350 ni ya kazi, na kazi yake inakwama pale tope linapokauka katikati yake. Yasafishe kwa brashi.

Matoleo matatu, na lipi la kuchukua

GB350 ya kawaida ina rimu ya inchi 19 mbele na 18 nyuma, tairi 100/90-19 na 130/70-18. GB350S ina rimu ya nyuma ya inchi 17 na tairi pana la 150/70, mkao umeinama kidogo, madigadi fupi ya plastiki. GB350C, iliyotoka Japani Oktoba 2024, na ndugu yake CB350 ya India ya 2023, ndiyo iliyomsogelea Enfield karibu kuliko zote: madigadi ndefu za chuma, shoka (shokomzoba) za mbele zimefunikwa kwa makopo ya chuma, siti imekatwa sura ya mbili, bomba la moshi refu lililonyooka. Ukiiweka kando ya Classic 350 na kufunika nembo, mpita njia wa Kirumba hatakuambia ipi ni ipi.

Hapa inabidi kutenganisha vitu. Madigadi ya chuma ni faida ya kweli kwetu. Ya plastiki ikigongwa inapasuka na unasubiri ya kuagiza. Ya chuma fundi wa bodi anainyoosha kwa nyundo na gogo, anapiga rangi, na jioni unaondoka nayo. Madigadi ndefu pia inazuia matope kupiga kichwa cha silinda. Lakini yale makopo ya shoka ni pambo lenye gharama. Kwenye GB350 ya kawaida, sili ya shoka ikianza kuvuja unaiona mara moja, kuna mstari wa oili kwenye bomba linalong'aa. Kwenye C, oili inavuja ndani ya kopo, inachanganyika na vumbi, inakuwa unga wa msasa unaokwangua bomba, na unagundua pale oili inapodondokea kwenye diski ya breki. Mwenye C apitishe kidole chini ya kopo kila anapoosha pikipiki. Kidole kikitoka na grisi nyeusi, sili zimeanza kuondoka.

Toleo la S silipendekezi kwa Mwanza. Tairi la 150/70-17 ni ghali, na upana wake hauna faida kwenye mawe. Unafanya tu pikipiki iwe nzito kugeuza kwenye kona za taratibu. Uwazi kutoka chini ni milimita 166 kwa toleo la kawaida, na Classic ina 170. Vyote viwili vinatosha kwa barabara ya udongo iliyopitishwa greda, havitoshi kwa makorongo. Bomba la moshi linapita chini, na ndilo litakalogonga kwanza.

Uchaguzi wetu ni GB350 ya kawaida. Mwenye kuipenda sura ya C achukue, ila ajue kilo 6 za ziada na makopo yale ni sehemu ya bei.

Vitu vitakavyoharibika, na kwa nini

Oili kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi wataiua. Klachi ya GB350 inalowa kwenye oili ileile ya injini. Honda wanataka 10W-30 yenye alama ya JASO MA, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki zenye klachi inayolowa. Maduka mengi ya spea mjini yamejaza 20W-50 na SAE 40, na baadhi ni oili za magari zenye dawa ya kupunguza msuguano. Ukiweka ya gari, plati za klachi zinateleza: injini inapandisha mlio, pikipiki haiongezi mwendo, na utaambiwa klachi imekwisha wakati imelowa tu oili isiyofaa. Soma mgongo wa kopo. Pasipo na neno JASO MA au MA2, rudisha. Oili nzito ya 20W-50 haitaiua injini kwenye joto letu, lakini asubuhi inachelewa kufika juu kwenye kamu, na kamu ya juu inategemea oili kuliko vijiti vya CG. Ndiyo maana mazoea ya kusema injini ya Honda haijali hayahamishiki kutoka CG kuja huku. Kwa vumbi la kiangazi, mwaga oili kila kilomita 3,000 na badilisha filta kila mara ya pili. Sevisi ya kwanza ni kilomita 1,000, usiivushe. Enfield Classic inataka 15W-50 ya JASO MA2, kwa hiyo kwenye jambo hili iko karibu zaidi na kinachopatikana kaunta.

Filta ya hewa ni ya karatasi iliyopakwa mafuta maalum ya kunasa vumbi. Fundi akiipuliza kwa kompresa kama anavyofanya filta za Boxer, anayapeperusha yale mafuta na kutoboa vinyweleo vya karatasi. Ikitoka hapo inapitisha vumbi moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Akiiosha kwa petroli ni vilevile. Filta hii haisafishwi. Inatupwa na kuwekwa mpya. Mtu anayepita njia za vumbi za Buswelu au Kisesa kila siku asisubiri kilomita za kitabu, aifungue kila baada ya miezi michache na kuitazama. Ikiwa nyeusi sawasawa, bado inafanya kazi. Ikiwa na vumbi upande wa ndani, imekwisha.

Petroli: pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Ukizoea kukimbia na mafuta ya mwisho kabisa, pampu inapata moto na kufa kabla ya wakati. Weka mazoea ya kutoshuka chini ya robo. Visiwani na vijijini petroli inauzwa kwenye chupa na vidumu, na mara nyingi kuna maji au taka chini. Kabureta unaweza kuifungua chini ya mwembe ukaifuta. Injekta iliyoziba inahitaji mashine ya kuioshea. Beba chujio la kitambaa laini, mimina taratibu, acha vidole viwili vya mwisho kwenye chupa.

Betri ndiyo roho ya pikipiki hii. Bila kiki, na pampu ikihitaji umeme, betri iliyokufa kabisa haitawasha hata ukisukumwa kwenye mtelemko wa Capri Point. Ikiwa dhaifu tu, yaani taa ya dashibodi inawaka lakini stata haizungushi, washa swichi, subiri pampu imalize mlio wake, weka gia ya pili, sukuma, achia klachi. Ikiwa dashibodi haiwaki, usisumbue watu. Sababu kubwa ya betri kufa ni taa za ziada na spika zinazounganishwa kwa kukata waya za asili. Kila waya uliokatwa na kufungwa kwa selotepu ni mlango wa maji ya mvua za masika, na injini ya injekta ikipokea umeme unaoyumba, taa ya injini inawaka na unaanza kubadilisha vitu vizima.

Cheni ni kubwa kuliko saizi ya 428 iliyojaa madukani kwa ajili ya bodaboda, na ina ringi za mpira zinazoshikilia grisi ndani. Usiioshe kwa petroli, inakausha ringi hizo. Tumia mafuta ya taa na kitambaa, kisha paka oili ya gia kidogo na ufute ya ziada. Kutumia oili chafu iliyomwagwa injini, kama ilivyo desturi, kunabandika mchanga kwenye cheni. Sproketi mbili na cheni zibadilishwe pamoja.

Tairi ni tyubulesi kwenye rimu za kumwaga, tofauti na Classic nyingi zenye spoki na tyubu. Kwa msumari wa kawaida unaziba kwa kamba ya gundi bila kuvua gurudumu, dakika kumi umeondoka. Rimu ya kumwaga ikipindwa na shimo ni shida, kwa sababu fundi wa spoki hana la kufanya. Na ukubwa wa inchi 19 hauko kwenye maduka ya kawaida ya bodaboda, ambako inchi 17 na 18 ndizo zinazotembea. Ukiagiza pikipiki, agiza na tairi moja la mbele la akiba.

Maji ya Ziwa Victoria ni ya baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kutu ya hapa si ya pwani. Inatokana na tope linalokaa na unyevu. Inaanza kwenye vichwa vya bolti za bomba la moshi, kwenye spring za stendi, na chini ya madigadi ya chuma mahali rangi ilipochubuliwa na mawe. Piga rangi ya lami upande wa chini wa madigadi kabla ya mvua za vuli. Kwenye sehemu za kuoshea, mwambie kijana asielekeze mpira wa presha kwenye beringi za magurudumu na kwenye sensa za ABS zilizo karibu na diski. Kuingiza pikipiki ziwani na kuisugua humohumo kunachafua maji tunayokunywa, achilia mbali beringi.

Kuinunua

Kwa Mwanza pikipiki hii ni ya kuagiza. Hesabu bei ya huko, meli hadi bandari ya Dar es Salaam, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, usajili wa TRA na namba za MC, wakala wa forodha, kisha lori la zaidi ya kilomita 1,100 hadi huku. Pata hesabu ya ushuru kwa maandishi kutoka kwa wakala kabla hujatuma fedha, kwa sababu pikipiki ya cc 348 haihesabiwi kama Boxer. Leseni ni daraja A.

Ikiwa ni ya mtumba kutoka Japani, omba picha za mambo haya na usikubali picha za jumla: ndani ya tangi kwa tochi, bomba la shoka chini ya sili, meno ya sproketi ya nyuma, ncha za mikono ya klachi na breki, na upande wa chini wa bomba la moshi. Mikono iliyokwanguka ncha inasema imeanguka. Tangi lenye wekundu ndani likatae, kutu hiyo itakwenda kwenye pampu. Ikifika, inyanyue gurudumu la mbele, geuza usukani pole pole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia inakwama katikati kama kwenye shimo dogo, beringi za usukani zimeumia.

Siku ya kuishusha, akaze fundi mmoja tu mwenye spana ya kupimia, si kila mpita njia. Kichwa cha silinda na ekseli zinakazwa kwa kipimo cha kitabu, injini ikiwa baridi. Tapeti nazo zinapimwa injini ikiwa imelala usiku kucha, kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia uwazi. Zikiwa zimebana sana, injini inakuwa kimya na inapendeza masikio, huku valvu ya moshi inaungua. Mlio mdogo wa tiki-tiki ni dalili ya afya.

Nani asiinunue? Anayetaka kazi ya bodaboda. Hesabu haitoki: kilo zaidi ya 50 juu ya Boxer, tairi ghali, cheni ya kuagiza, hakuna keria ya mzigo. Na anayeishi mbali na fundi wa umeme wa injekta afikirie mara mbili. Kwa mtumishi wa Nyegezi anayeshuka mjini kila siku na mwisho wa wiki anavuka Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, kwenda Sengerema na Geita, GB350 inamfaa kuliko Classic. Ni nyepesi, tangi ni kubwa, tairi halina tyubu, na upepo wa ubavuni pale juu ya maji, ambao unayumbisha pikipiki ndogo, hauisumbui. Classic inashinda kwa mdundo, kwa chuma kingi zaidi mwilini na kwa oili inayopatikana kirahisi.

Sanduku la kwanza la kuagiza pamoja na pikipiki liwe na filta mbili za hewa, filta tatu za oili, seti ya pedi za breki mbele na nyuma, plagi mbili, waya wa klachi, sili za shoka jozi moja, na gasketi ya kifuniko cha tapeti. Waya wa klachi ndio utakaohitaji mapema kwa sababu ya milima. Upake oili kila mwezi kuanzia juu kwenye mkono, na uukague pale unapopinda karibu na kichwa cha usukani. Nyuzi zake huanza kukatika hapo, moja moja, wiki kadhaa kabla waya haujakatika wote.